Watani waliposhuka

Mimi Mjelajela damu, shabiki wa Tanzania Prisons ya Mbeya. Watani wetu wa mjini, Mbeya City, waliposhuka Ligi Kuu 2023, wametolewa na Mashujaa kwenye mchujo, kijiweni kwetu Mwanjelwa tulicheka mpaka mbavu zikauma. Timu iliyomaliza ya tatu msimu wa 2013/14, juu ya Simba, leo iko Championship, ligi ya chini ya Ligi Kuu! Kila tukikutana: "Huko kuna baridi?" Kuna mzee mmoja wa City, jezi yake ya zambarau imepauka mabegani, alikuwa hajibu. Anapuliza kahawa tu.

Kumbe dabi yetu na City pale uwanja wa Sokoine ilikuwa tamu bwana. Tukabaki kutaniana na Yanga, ambao (tuseme ukweli) hawataniki, wanakufunga tu.

City walipopanda tena 2025, yule mzee alikuja na maneno yote yaliyomkaa kooni. Tumemkoma!