Mama na swali la maji

Nimerudi Mbeya jana usiku, mgongo unauma. Siku hizi kwenda Chunya ni lami tupu, lakini ile milima haijapunguzwa. Pale Kawetire unajifunga shuka, ukishuka upande wa pili unavua hadi sweta.

Niliitwa na mama. Kijijini kwetu kuna kampuni ilikuja na leseni ya utafiti, ikatoboa toboa, sasa inataka kufungua mgodi wa shimo la wazi huko bondeni, karibu na kijito tunachochotea maji. Mkutano mkuu wa kijiji ulitangazwa saa nne. Ulianza saa saba.

Kabla sijasimulia ya mkutano niseme ukweli: mimi nimesomeshwa na dhahabu. Chunya ni ya dhahabu tangu wakoloni walipoifuata mito ya Lupa miaka ya 1920, na baba alikuwa na duara lake, yaani shimo la kuchimbia, huko Makongolosi. Mbale, yaani mawe yenye dhahabu, zikitoka zimesagwa karashani, kwenye mashine ya kusagia, alichanganya na zebaki kwenye karai, akakamua kwa kitambaa, kisha kile kidonge akakichoma juu ya mkaa. Mkaa upi? Ule ule wa jiko la mama, mbele ya nyumba, na sisi watoto tumechuchumaa tukingoja zebaki iishe kwa moshi, dhahabu ing'ae. Miaka yake ya mwisho baba alikuwa akitetemeka mikono hadi chai inamwagika. Hakuna daktari aliyesema ni zebaki, nami sisemi. Ila nikikumbuka ule moshi, huwa nakosa raha.

Kwa hiyo kijana mmoja wa karashani aliposimama akasema, "Wanaopinga ni wale walioshiba tayari, wana mishahara mjini," nilitazama chini. Alikuwa hajakosea sana. Yeye anataka ajira. Lakini wenzake wenye maduara madogo walimzomea, maana mgodi ukija eneo lote litawekewa uzio, na wao watahesabika wavamizi mahali walipochimba tangu ujana.

Afisa wa kampuni alieleza vizuri, sikatai. Alisema Tathmini ya Athari kwa Mazingira inafanyika, ndiyo maana tumeitwa tutoe maoni. Kweli, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka hivyo, na hiyo hiyo inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Mzee mmoja akauliza kama mita hizo zinapimwa wakati wa kiangazi au wakati mto umefura. Watu wakacheka, afisa akaandika kwenye daftari. Jibu halikuja.

Kisha mama akanyoosha mkono. Mama yangu ni Mnyakyusa wa Rungwe, alimfuata baba Chunya akiwa binti, na bado akishukuru husema "ndaga fijo" hata kwa kondakta. Akaanza kwa upole.

"Mwanangu, hayo maji ya kuoshea dhahabu yatakaa wapi?"

"Kwenye bwawa la topesumu, mama. Tunalitandika plastiki nzito chini."

"Na mvua ya Februari ikilijaza?"

"Lina uwezo mkubwa. Ikizidi kabisa kabisa, maji safi tu ndiyo yataruhusiwa kushuka mtoni."

"Yakishuka mtoni yanakwenda wapi?"

"Rukwa."

"Na yakitoka Rukwa?"

Afisa akanyamaza. Nadhani hakuwa amejiandaa kwa jiografia. Ziwa Rukwa halina mto unaotoka. Lupa na Songwe (siyo Songwe ile ya mpakani na Malawi, iendayo Nyasa) zinaingia humo, maji yanakaushwa na jua, na kilicholetwa na mto kinabaki. Zebaki ikikaa kwenye tope la chini hubadilishwa na vijidudu, ikapanda hadi kwenye samaki, na samaki wa Rukwa tunawala hapa hapa sokoni Mbeya. Kwamba sisi wachimbaji wadogo ndio tumeshamwaga zebaki humo miaka mingi, nalo ni kweli. Sikulisema mkutanoni. Niliona litawapa kampuni silaha. Labda nilikosea, sijui, nimelifikiria njia nzima.

Mkutano uliahirishwa bila kura. Wameahidi kurudi na mtaalamu wa maji.

Jioni tulikaa uani mimi na mama, tunachambua maharage. Kuku walikuwa wanakunywa maji kwenye chombo kikuukuu karibu na banda, na ilinichukua muda kukitambua. Karai la baba. Nikamwambia mama, hilo lilikuwa la zebaki, alitupe leo leo.

Akaliangalia, akaniangalia mimi.

"Nilitupe wapi?"