Sitini hawakupi, elfu moja na mia mbili wanakupa: kaunta za benki Ujerumani

Nyumbani ukisema uko Ulaya watu wanajua hela yote iko kwenye simu, unagusa unasepa. Labda Sweden huko. Ujerumani bado ni nchi ya noti jamani. Benki kuu yao, Bundesbank, huwa inapima watu wanalipaje, na mwaka 2023 ikakuta asilimia 51 ya manunuzi bado yanalipwa keshi, mwaka 2017 ilikuwa asilimia 74. Kinyozi wangu Mturuki anataka keshi, mama wa maua sokoni keshi, mgahawa unakula mpaka unashiba ndo unaona kikaratasi mlangoni kwamba kadi hawapokei. Sasa kwa nchi ya namna hiyo ungetegemea kupata noti benki iwe kitu cha dakika mbili. Weee.

Kwenye benki yangu (siitaji, na za jirani ziko hivohivo) kuna karatasi imebandikwa pembeni ya kioo kwamba kutoa chini ya euro 1,000 ni mashineni tu, dirishani ni kuanzia elfu moja kupanda. Yani umekuja na pasi, kadi, sura yako, mshahara umeingia jana, unasema naomba sitini, dada anakuonyesha mlangoni, mashine ile pale. Ukimwambia naomba elfu moja na mia mbili anakaa vizuri kwenye kiti, anauliza unataka noti za ngapi ngapi, anakuhesabia mara mbili na wikiendi njema anakutakia. Halafu ukizidisha nako kuna kizuizi kingine, ukitaka hela kubwa kweli uwe umeagiza siku moja mbili kabla. Kwaiyo kaunta imebaki ya watu wa katikati, hela isiwe ndogo isiwe kubwa, na wengi wetu tuliokuja huku kutafuta hatujawahi kuwa watu wa katikati.

Benki nyingine mpaka wao ni 500, nyingine hawakukatazi ila wanakukata euro kadhaa kila ukigusa dirisha. Na msidhani ni uhuni wa meneja wa tawi. Zamani mahakama ya juu ya kesi za madai, ile BGH iliyoko Karlsruhe, ilikuwa inazibana benki, lazima mteja apate mara kadhaa za bure kwa mwezi kuweka na kutoa dirishani. Juni 2019 ikabadilisha msimamo, ikasema sheria ya malipo iliyokuja 2009 inaruhusu benki kutoza kila muamala wa dirishani hata ule wa kwanza, ila kwa mteja wa kawaida tozo lazima iendane na gharama halisi ya kazi hiyo. Kesi yenyewe ilikuwa ya euro moja na euro mbili! Watu walipelekana mpaka mahakama ya juu kwa euro mbili, na mi nawaelewa kabisa, maana ukitoa ishirini ukakatwa mbili, hiyo ni asilimia kumi, riba ya mtaani.

Nina keshia mmoja mzee tunafahamiana, maana kazi yangu ni nyumba ya wazee na huwa nawasindikiza benki, siku moja hakukuwa na foleni nikamuuliza hivi tatizo la sitini ni nini. Akanielewesha vizuri tu. Hela haikai kwenye droo kama tunavyodhani, iko kwenye kabati la chuma chini ya meza, anaandika kiasi kwenye kompyuta, kiasi kidogo kinatoka palepale, kikubwa kinasubiri mpaka saa ya kufuli iruhusu, hata ukimwekea bastola hawezi kuharakisha. Hizo ni kanuni za bima ya ajali kazini, ili jambazi ajue hapa hamna cha kuchukua haraka. Alafu kila anayekuja lazima aangaliwe kitambulisho, asaini, risiti itunzwe, usiku mahesabu yafungwe. Mtu wa sitini na mtu wa elfu nne wanamla muda uleule. Akasema kama kila mtu angekuja kutoa sitini yake ingebidi waajiri watu, na badala ya kuajiri wanapunguza. Sawa, nimemwelewa. Ila nilichosikia mimi hapo ni kwamba anayeambiwa atoke kwenye foleni ni yule mwenye kidogo.

Sasa twende kwa wazee, maana hapa ndo pananiuma. Wazee wa Kijerumani wengi bado wana Sparbuch, kijitabu cha akiba, kinachapwa salio kila ukitoa. Kawaida unaruhusiwa kutoa mpaka 2,000 kwa mwezi bila kutoa notisi, lakini kijitabu lazima kiende dirishani. Kuna bibi mmoja namhudumia, ana miaka themanini na kitu, miguu haimpi ila kichwa kiko vizuri kuliko changu. Yeye anataka hamsini tu, za saluni na za kumpa mjukuu akija Jumapili. Tawi la kijijini kwao lilifungwa, la hapa mjini dirisha la hela linafunguliwa siku mbili kwa wiki asubuhi, tunaenda na kigari chake cha kutembelea mdogo mdogo, tukifika kijana anaanza kumweleza faida za kadi. Bibi akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Kijana, hizi hela niliziweka humu wewe hujazaliwa." Watu kwenye foleni wakacheka. Alipewa hamsini yake, kwasababu kwa kijitabu hawana pa kumpeleka, lakini akaongezewa na karatasi ya kuomba kadi, akaniachia mimi niibebe. Iko kwenye kabati lake mpaka leo.

Mtu atasema si uende tu mashineni, shida iko wapi. Shida ziko, subiri. Kwanza mashine ziwe za benki yako au za kundi moja na benki yako, ukienda ya watu wengine wanakukata kama euro tano hivi. Tangu Januari 2011 ni lazima kiasi cha makato kionekane kwenye skrini kabla hujakubali, kwaiyo angalau unaibiwa unaona. Ukitoa ishirini kwa makato ya tano, ndugu yangu, bora ulale njaa. Pili, mashine zenyewe zinapungua na usiku zinafungiwa. Kuna magenge yanakuja na baruti yanalipua mashine, mengi yanatokea upande wa Uholanzi yanakimbia na magari ya nguvu kwenye barabara zisizo na kikomo cha mwendo, mwaka 2022 polisi walihesabu milipuko 496 nchi nzima, mingine kwenye majengo ambayo juu watu wamelala. Ndo maana benki nyingi zinafunga ule ukumbi wa mashine kuanzia saa tano usiku mpaka alfajiri. Sie wa zamu za usiku tunajua maana yake, unatoka kazini mapema, unakuta kioo kimefungwa, mfukoni una sarafu za kahawa tu.

Tatu, na hii wanafunzi na wadada wa au pair (wale wanaoishi na familia wanalea watoto) wataelewa, mashine haitoi sarafu na mara nyingi noti yake ndogo ni ya kumi. Au pair posho yake ni euro 280 kwa mwezi. Mwisho wa mwezi akaunti inasoma kumi na saba na senti. Mashine inakupa kumi, zile saba zimekaa humo zinakuangalia. Dirishani hawakupi kwasababu ni ndogo, mashineni hazitoki kwasababu ni ndogo. Ni hela yako kwenye karatasi tu. Dawa yake ni kwenda supamaketi ukanunue mchele na mafuta za euro saba ulipe kwa kadi, sawa, ila kama ulikuwa unataka mchango wa msiba au sarafu za mashine ya kufulia hosteli, mchele haukusaidii.

Supamaketi lakini ndo zimetuokoa, nisiwe mlalamishi tu. Ukimaliza kulipa kwa kadi unamwambia keshia unataka na hela, anakupa mpaka 200 bila makato yoyote. Maduka mengine yanataka ununue kwanza kiasi fulani, mengine hata ukinunua maji ya kunywa wanakupa. Anayekupa ni mdada wa sabuni na viazi, hakuulizi kitu, nyuma kuna foleni ya watu kumi na hakuna anayekukunjia sura. Inachekesha kidogo, benki inasema kuhesabu noti ndogo ni gharama, alafu duka linalouza viazi linakupa noti bure. Duka lina sababu yake bwana, keshi ikipungua kwenye droo yao na wao wanapunguza gharama ya kuipeleka benki, maana huko na wao wanatozwa kuiweka. Mzunguko mzuri. Mchezo wetu wa Jumamosi (upatu, wengine mnaita kikoba) siku hizi wanawake wote wanakuja na noti walizotoa kwenye duka, hamna aliyepita benki.

Kuna kundi jingine limebanwa kuliko sisi wote, na humo wamo ndugu zetu wa Kongo na Burundi, wale wanaosubiri majibu ya ukimbizi. Tangu 2024 mikoa mingi imeanza kuwapa Bezahlkarte, kadi ya malipo, badala ya kuwapa hela mkononi. Sheria ya shirikisho ilipita mwezi wa nne mwaka huo ikaanza kutumika mwezi wa tano, na wakuu wa mikoa mingi wakakubaliana mtu asitoe zaidi ya euro 50 kwa mwezi. Kwa mwezi! Zingine abaki kulipa kwa kadi dukani. Wanasiasa wanasema ni ili hela isitumwe nyumbani na isilipe wasafirishaji wa magendo. Sasa mtu wa kusubiri majibu ananunua wapi? Kwenye gulio la vitu vilivyotumika, mitumba ya kanisani, duka dogo la unga wa ugali ambalo kadi halipokei, kinyozi, na mtoto anatakiwa apeleke euro kadhaa shuleni za safari ya darasa kwenye bahasha. Kote huko keshi. Dada mmoja wa Bujumbura aliniambia kaka, hamsini inaisha tarehe sita, zilizobaki naziona tu kwenye kikaratasi cha salio.

Watu wakabuni njia. Kwenye miji kadhaa, München na Hamburg wakiwemo, mkimbizi ananunua vocha ya supamaketi kwa ile kadi, anaenda sehemu, Mjerumani wa kujitolea anachukua vocha anampa noti za thamani ileile, alafu yeye anaitumia vocha kwenye manunuzi yake ya wiki. Serikali ya Bavaria, mkoa wenye München, haikufurahi hata kidogo. Mi nimeshabadilishana na watu mara kadhaa, chakula nanunua hata hivyo, nini kinanipungukia? Na waliosimama pale kubadilisha pamoja na mimi wengi ni wazee wastaafu wa Kijerumani, watu wa rika la bibi yangu wa kijitabu.

Hapo ndo nakumbuka wakala wa M-Pesa. Kenya wameanza nayo 2007, sisi Tanzania 2008, na kitu kimoja ambacho wazungu hawa na mashine zao hawajakifikia ni kwamba mwanamke kwenye kibanda cha mbao anakupa elfu tano bila kukuuliza kwanini isiwe laki. Makato yapo tena yanauma, tusidanganyane, na ile tozo ya Julai 2021 kila mtu anaikumbuka mpaka ikabidi waipunguze baada ya watu kupiga kelele. Na benki zetu nazo zinafanya mambo haya haya, kutoa dirishani makato yake makubwa kuliko kwa wakala, wanakusukuma utoke ukumbini. Tofauti ni kwamba nyumbani ukisukumwa nje ya benki, hapo nje kuna kibanda. Huku ukisukumwa nje kwenye kamji kadogo, nje kuna kituo cha basi na basi lenyewe linapita mara moja kwa saa.

Kwa wanaokuja, hasa mnaokuja kusomea uuguzi kwenye hii miji midogo, kabla hujafungua akaunti ulizia mambo matatu manne: dirishani wanaanzia kiasi gani, wanatoza ngapi, mashine za bure ziko wapi, na duka gani karibu linatoa hela. Benki ya simu tupu ni rahisi kufungua lakini siku una noti za kuweka hujui uzipeleke wapi. Anayeishi kihalali ndani ya Umoja wa Ulaya, hata mwombaji wa ukimbizi, ana haki ya akaunti ya msingi tangu Juni 2016, wakikukatalia waombe wakuandikie sababu kwenye karatasi, mara nyingi hapo hapo wanakumbuka sheria. Namba ya siri ukikosea mara tatu kadi inafungwa, na namba mpya inakuja kwa posta kwenye bahasha yake peke yake, inaweza kuchukua wiki. Kwenye hali hiyo dirishani huwa wanakupa hata hamsini, ila lazima uwaambie kadi imefungwa na uwe na pasi mkononi, usianze na habari ya haki zako. Na usiende Jumatano mchana, matawi mengi ya miji midogo yanakuwa yamefungwa.