Nilivyoondoa tetrasaiklini kwenye maji kwa mkaa wa vifuu

Ushauri niliopewa na kila mtu ulikuwa mmoja: ongeza mkaa, maji yatasafika. Nikaongeza. Chupa ikajaa unga mweusi, tetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria, ikapungua kidogo, kisha ikagoma kabisa. Molekuli ya dawa hii ina urefu unaozidi nanomita 1, na mkaa wa kawaida una vijitundu vyembamba mno. Uuongeze usiuongeze, mlango ni uleule!

Nikachanganya mkaa wa vifuu vya nazi na haidroksidi ya potasiamu, magadi makali, nikauchoma upya kwenye tanuri lisiloingiza hewa, nyuzi 700. Potasiamu huula mkaa kutoka ndani na kutanua vijitundu, hata gramu moja ikaweza kuwa na uso unaozidi mita za mraba 1000.

Sasa kuosha, kazi ambayo wengi huilipua. Magadi hayo yakibaki ndani, pH ya maji (kipimo cha uasidi na ubesi; 7 ni katikati) hupanda, na ikishapita 9, dawa na mkaa vyote vinakuwa na chaji hasi, vinasukumana. Niliosha kwa asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa, kisha maji safi, suuza baada ya suuza, huku karatasi ya pH ikitoka nyekundu, ikaja chungwa, njano, mpaka kijani. Usiache kwenye njano.

Ninachojivunia zaidi ni chupa isiyo na mkaa. Tetrasaiklini huharibika ikipigwa na mwanga, na vichujio vingine hunasa dawa vyenyewe. Kwa hiyo kila jaribio liliambatana na chupa yenye maji ya dawa bila mkaa, imefungwa karatasi ya alumini kama zenzake, ikatikiswa nazo na kupitishwa kwenye kichujio cha aina ileile. Hapo ndipo niliposadiki nilichokiona kwenye spektrofotomita, kifaa kinachopima mwanga unaofyonzwa na maji: kilima cha dawa kwenye karibu nanomita 357 kilisimama kwenye chupa hiyo, na kwenye zenye mkaa kikalala chali. Nilifurahi mno.

Maji ya mto ni habari nyingine. Mabaki ya majani yaliyooza hugombania nafasi zilezile, kwa hiyo nayapitisha kwanza kwenye mchanga. Na mkaa uliokwisha kazi tafadhali usiutupe ovyo: dawa bado imo, na ikivuja itawafundisha bakteria usugu. Wangu naufungia kwenye kopo lenye kifuniko mpaka zamu ya kurudi tanurini.