Ukuta wa Kulia

Usiku wa kuamkia leo mvua ya kwanza imenyesha Dodoma. Asubuhi mwanangu kanikuta nimechuchumaa chini ya dirisha, nabonyeza ukuta kwa kidole gumba.

"Mama, ukuta unaumwa?"

Nikamwambia hapana, naangalia tu. Lakini tangu hapo mawazo yangu yamo ndani ya ile karavani, kile kijumba cha magurudumu kinachovutwa na gari.

Ilikuwa Novemba 2011. Nilikuwa nimemaliza mtihani wa kidato cha nne, na Mjomba akanichukua karakanani kwake Chang'ombe nisikae bure nikisubiri matokeo. Karavani ililetwa ikivutwa kutoka Mufindi, ilikokaa miaka mingi kwenye mvua na ukungu. Nje bati la alumini linang'aa. Ndani, upande wa kushoto, plaiwudi imevimba. Mjomba akabonyeza, kidole kikazama. Tulipoibandua plaiwudi, fremu ilitoka mikononi mwetu kama machicha ya nazi. Maji yalikuwa yakiingilia juu, pale bati la paa linapokutana na la ubavu: silikoni imepasuka, skrubu zimeota kutu. Yakishuka yananaswa kati ya bati na plaiwudi, pasipo jua wala upepo wa kuyakausha.

Mwenye mali alilipia ukuta mmoja. Ule wa kulia Mjomba aliugonga kwa nyundo, ukalia vizuri, tukauacha.

Muuza mbao alitusukumia mninga. Mjomba akakataa. Mninga ni mgumu kweli, lakini mzito, na fremu ya kitu kinachovutwa barabarani inatakiwa iwe nyepesi. Tukachukua paini ya Sao Hill, tukaipanga ndani ya nyumba na vijiti katikati ili hewa ipite, ikakaa wiki tatu. Kisha randa, msumeno, patasi. Maungio tulikata nusu kwa nusu, vipande vikilaliana uso uwe mmoja, tukayatia gundi na kuyakaza kwa mipira ya tyubu za baiskeli.

Fremu ilipokaa mahali pake ikabaki kugundisha plaiwudi mpya. Mara ya kwanza tulijaribu saa nane mchana. Gundi nyeupe hushika maji yake yanapokauka na kunywewa na mbao. Kwa joto lile ilijivika ngozi kabla hatujabana. Tukabandua, tukakwangua yote. Mjomba hakusema neno. Kesho yake tulianza saa kumi na moja alfajiri.

Alikuwa amekata fito, kila mmoja mrefu kidogo kuliko upana wa karavani. Unasimika ncha moja kwenye plaiwudi mbichi ya kushoto, nyingine unaiegemeza ukuta wa kulia, ufito unapinda kama upinde, na kule kutaka kunyooka ndiko kunakobana. Tulisimika ishirini na kitu. Gundi ikaanza kuchungulia pembeni, matone madogo yamejipanga kama shanga, na Mjomba akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile. Akatoka nje kuangalia bati. "Mjomba, usiguse kitu mpaka nirudi," akaniambia. (Ndivyo tunavyoitana, yeye na mimi.)

Nikabaki peke yangu katikati ya zile fito. Mwanga unaingia kwenye tundu la dirisha, mwekundu, vumbi la msasa linaelea ndani yake. Kimya. Kisha nikasikia mlio mdogo, kama mtu anakanyaga jani bichi. Ufito wa tatu kutoka mlangoni, chini, karibu na sakafu, ulikuwa umenyooka kidogo kuliko wenzake. Nikainama kule kulia. Ncha yake ilikuwa imezama ukutani, kina cha ukucha. Nikaweka kidole gumba kando yake. Palikuwa laini.

Nje Mjomba alikuwa anapiga mluzi. Mwenye mali angefika Ijumaa, fedha zimekwisha, mawingu yameanza kujikusanya, gundi inashika. Nikachukua kipande cha mbao nilichokiokota sakafuni, nikakichomeka chini ya ncha, ufito ukapinda tena vizuri. Aliporudi nilikuwa nimesimama wima, mikono nyuma.

"Mambo shwari?"

"Shwari, Mjomba."

Ijumaa ikavutwa kuelekea Singida. Ule ukuta wa kushoto ulikuwa kazi nzuri, bado naamini hivyo. Kilichofuata sikukisikia.

Leo Mjomba amekuja kula kwetu. Kabla hajaketi kapita dirishani, akabonyeza ukuta palepale nilipobonyeza mimi. Nikaona nimuulize kabla sijabadili nia.

"Mjomba, unaikumbuka ile karavani ya Mufindi? Ule ukuta..."

Hakugeuka. "Ukuta upi, mjomba? Wa kushoto au wa kulia?"

Wa kulia hatukuwahi kuufungua.