Wewe Tazama Tu

Leo ni Jumapili. Ceri, ile minara ya mbao ya sikukuu ya hapa, zimekwisha kupandishwa mlimani tangu Alhamisi usiku, kitambaa chekundu cha Bibi, mzee ninayemtunza, nimekifua na kukipiga pasi, ngazi zimefagiliwa, na bado maneno manne ya jirani wa chini hayajanitoka kichwani. Wiki hii ilikuwa na mambo makubwa kuliko hayo, kwa kuwa kaka yangu ameoa huko Lamu nami nikaiona harusi yake kwenye simu iliyokuwa ikikatika kila mara, na kibali changu cha ukaazi nacho kimetoka hatimaye. Lakini kila nikikaa kuandika, mkono unanirudisha kwenye dirisha la sebuleni, Alhamisi alasiri, wakati jirani alipokuwa akimfunga Bibi kile kitambaa shingoni.

Waliosoma niliyoyaandika Mei iliyopita wanajua kwamba katika mji huu wa Gubbio, Italia, ifikapo tarehe 15 Mei, mkesha wa sikukuu ya Mtakatifu Ubaldo, mtu haulizwi jina wala kazi, huulizwa cero yake. Neno hilo, ambalo wingi wake ni ceri, maana yake ni mshumaa, lakini mtu asidhani kwamba ni kitu cha kuwashwa: ni mnara wa mbao wenye pande nane, uliobana kiunoni, mrefu kupita watu wawili waliosimama mmoja juu ya mabega ya mwenzake, wenye uzito wa karibu kilo 300, na kileleni pamewekwa sanamu ndogo ya mtakatifu. Ziko tatu. Ubaldo ni wa waashi, na watu wake huvaa shati la njano; Giorgio ni wa wafanyabiashara, shati la buluu; Antonio ni wa wakulima, shati jeusi. Siku hizi daktari anaweza kuwa wa waashi na mwashi akawa wa wakulima, kwa kuwa cero hurithiwa nyumbani kama pua ya baba. Bibi alizaliwa katika nyumba ya Giorgio akaolewa katika nyumba ya Antonio, na kwa zaidi ya miaka 50 alifua mashati meusi huku moyo wake ukiwa wa buluu, siri ambayo mtaa mzima unaijua.

Miguu yake haishuki ngazi tena, kwa hiyo sikukuu humfuata yeye. Saa sita mchana tuliitazama kwenye televisheni ile dakika ya kuinua: viongozi watatu wamesimama juu ya mbao za kubebea, kila mmoja na mtungi wake wa udongo uliopambwa, wakamwaga maji, kisha wakairusha mitungi juu, na kufumba na kufumbua minara mitatu ilikuwa wima na watu wako chini wanagombania vigae. Kigae huleta heri. Bibi anacho kimoja alicholetewa mwaka juzi, amekiweka kwenye rafu ya dawa, na upande wake mmoja umebaki na nusu ya jani la kijani. Baada ya chakula, wakati ceri zinapozungushwa mitaani kuonyeshwa, watu wa Antonio waliileta ya kwao chini ya dirisha letu kwa heshima ya marehemu mumewe, aliyeibeba ujanani, wakaizungusha papo hapo kati ya kuta za mawe, na Bibi akalia bila kujifuta.

Hapo ndipo lilipotokea. Chumba kilikuwa na watu saba. Jirani alisimama nyuma ya kiti cha Bibi, kipini cha nywele mdomoni, akilivuta fundo la kitambaa likae sawa. Mjukuu wa jirani huyo, wa miaka mitano, akawa anampitia kila mtu kumwuliza wewe ni wa nani, akikunja vidole: Giorgio, Antonio, Antonio, Ubaldo. Alipofika kwangu akanitazama, kisha akamtazama bibi yake. Nami kwa mzaha nikasema, "Ehe, na mimi je, Signora? Mimi ni wa nani?" Jirani akakitoa kipini mdomoni, akajibu bila kuinua macho: "Tu guarda e basta." Wewe tazama tu.

Nimeyageuza maneno hayo kama mtu ageuzavyo samaki kikaangoni asijue ni upande upi ulioiva. Yawezekana alitaka kusema kwamba mimi sina deni na nyumba yoyote, nistarehe na macho yangu, wao wana magomvi ya kutosha. Na hilo lingekuwa neno la ukarimu. Yawezekana pia alitaka kusema kwamba mwisho wangu ni pale dirishani. Hiyo "basta" yao huingia katika sikio la mtu wa Lamu kama "basi", na basi yetu nayo ina sura nyingi, kwa maana yuko asemaye basi akimfuta mtoto machozi na yuko asemaye basi akifunga mlango. Angesema akitabasamu ningejua, lakini palikuwa na kile kipini: mtu akitoa kitu mdomoni sura yote hupinda, na hata mwema huonekana amenuna. Mtoto naye aliridhika upesi mno. Alikwenda kwa mzee wa ghorofa ya tatu akaendelea kuhesabu, na kwa ajili yangu hakukunja kidole.

Saa kumi na mbili jioni mbio zikaanza, nami nikatazama kama nilivyoagizwa. Kengele kubwa ya Palazzo dei Consoli, jumba la kale la mji, ambayo wapigaji wake huisukuma kwa miguu yao, ilizitetemesha glasi kabatini, chini watu wakapiga kelele "Via ch'eccoli!", yaani pisheni, hao wanakuja, na wakapita, Ubaldo, Giorgio, Antonio, kwa mpangilio usiobadilika mwaka hata mwaka, kwa sababu katika mbio hizi hakuna kumpita aliye mbele. Wageni huona ni kichekesho, mbio ambazo wa kwanza anajulikana kabla hazijaanza. Mimi naona hapo ndipo penye utamu wake. Aibu ni kuangusha, au kuachwa nyuma hadi pengo lionekane, na wabebaji hupokezana mabegani bila cero kusimama, wakiupanda Monte Ingino, mlima uleule ambao kila tarehe 7 Desemba huchorwa kwa taa mti wa Krismasi wenye urefu wa zaidi ya mita 600. Kule juu, kwenye kanisa anakolala mtakatifu mwenyewe tangu zamani, watu wa Ubaldo hujitahidi kulifunga lango kabla Giorgio hajawahi kuingia. Habari za lango tulizipata kwa simu, Bibi akapiga makofi, nami nilikuwa nafikiria kipini.

Ijumaa usiku, pasi ikiwa mkononi, nikamkumbuka Mwalimu.

Ilikuwa Maulidi, Mfungo Sita, siku ya mbio za punda pale ufukoni Lamu, nami nilikuwa na miaka kumi na sita. Mwalimu alikuwa mtu wa bara aliyepanga chumba cha juu nyumbani kwetu, mtaa wa Langoni, mpole, mwenye kuvua viatu tangu mlango wa nje ingawa hakuna aliyemwambia. Alisimama nasi penye ukuta, mikono nyuma, akaniuliza kwa adabu kabisa, "Binti, leo nimshangilie nani, wa Langoni au wa Mkomani?" Wasichana wenzangu walikuwa wanasikia. Nikamjibu, "Mwalimu, wewe ni mtu wa kuja. Wewe tazama tu." Nami sikuwa na kipini mdomoni. Wenzangu wakaangua kicheko, na Mwalimu akacheka pia, akasogea hatua mbili kumpisha mtoto aliyetaka kuona, na kwa miaka yote hii nimekuwa nikikihesabu kile kuwa ni kicheko.

Nikaanza kucheka peke yangu juu ya meza ya pasi, kicheko cha mtu aliyefumaniwa, mpaka Bibi akaita kutoka chumbani kuuliza kuna nini. Nikaenda nikamsimulia, kwa Kiitaliano changu cha hotelini Malindi ambacho yeye husema kina chumvi ya bahari. Hakucheka. Aliuliza tu kama mwalimu huyo alihama. Nikasema hakuhama, alikaa miaka mitatu zaidi, na kila Maulidi alisimama palepale penye ukuta.

"Akimshangilia nani?"

Sikuwa na jibu, kwa kuwa sikuwahi kumwuliza. Bibi akavuta blanketi akageukia ukutani, nami nikarudi kwenye pasi nikiwa mwepesi kidogo kuliko nilivyokuwa Alhamisi, ingawa sijui wepesi huo nimeupata kwa haki gani.

Jana jirani alikuja kurudisha sahani. Akaniambia kwamba Jumapili ijayo ni Palio della Balestra, wapiga upinde wa kufyatulia wa Gubbio dhidi ya wale wa mji wa Sansepolcro, katika Piazza Grande, na kwamba mwanawe anaweza kukaa na Bibi iwapo nitapenda kufuatana naye. Nikasema nitamwuliza Bibi. Sikumtazama usoni sana.

Kinachonikosesha usingizi usiku huu ni jingine. Nilipokuwa napanga dawa za wiki katika kile kisanduku cha vyumba saba, nimekuta nusu ya kidonge cheupe katika chumba cha Jumatano iliyopita. Ama Bibi hakukimeza, nami nikamwamini aliposema amemeza, ama siku ile nilitia viwili kwa haraka za harusi ya kaka. Nimehesabu vilivyobaki mara mbili nikapata hesabu mbili, kwa sababu hizo nusu huvunjika tena zikawa robo. Barua ya hospitali ninayo hapa mezani, na juu yake imepigwa alama ya mkoa wa Umbria, ceri tatu zimesimama wima, lakini haisemi la kufanya dozi ikirukwa, na daktari wake hapokei simu kabla ya saa tatu asubuhi. Nimekwenda mlangoni kwake mara tatu kusikiliza anavyopumua. Sasa ni saa saba kasorobo.