Ripoti ya zamu tuliihamishia kitandani

Nilipokabidhiwa uinchaji, yaani usimamizi, wa wodi ya wazazi katika hospitali moja ya wilaya kanda ya Ziwa, nilikuta wakunga wazuri. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakisikia timu haiendi, hudhani waliomo hawajui kazi. Hawa waliijua. Ukimchukua mmoja mmoja, ungemkabidhi dada yako amzalishe na wewe ukalale. Shida ilianza pale kazi ilipotakiwa itoke mkononi mwa mmoja iingie mkononi mwa mwingine.

Nilishauriwa niandae semina ya ushirikiano kazini. Semina nimehudhuria nyingi: unakula, unasaini posho, unapigwa picha ya pamoja, Jumatatu mnarudi mlivyokuwa. Nikaamua kuanza na jambo linalofanyika kila siku liwe liwalo, yaani kukabidhiana zamu.

Zamani ripoti ilisomwa ofisini. Aliyekesha, macho mekundu, anasoma kitabu mbio mbio: kitanda cha 3, uzao wa kwanza, njia imefunguka sentimita 6, mapigo ya mtoto mazuri. Walioingia asubuhi wengine bado wanabadilisha viatu, wengine wanaulizana habari za nyumbani. Anayetoka akishasaini, ameondoka. Saa moja baadaye mnagundua kitanda cha 3 hakijapimwa tangu usiku wa manane, na mwenye habari hizo yuko kwenye bodaboda, simu imezimwa.

Tukaitoa ripoti ofisini. Saa 1:30 asubuhi wanaotoka na wanaoingia wanapita pamoja kitanda kwa kitanda, faili na partografu, karatasi ya kufuatilia uchungu, mkononi. Mapigo ya moyo wa mtoto yanatakiwa yaandikwe kila nusu saa, njia ipimwe kila saa 4. Partografu ikiwa tupu mbele ya watu sita na mzazi mwenyewe akiwa macho, hahitajiki mtu wa kufoka. Na mzazi naye ana la kusema. Kuna mama alimkatiza mkunga katikati ya maelezo: "Sista, samahani, hiyo dripu imesimama tangu adhana ya alfajiri." Tukainama kuangalia, kweli, kanula, kile kimrija kinachoingiza dripu mshipani, imeziba. Kitabu kilikuwa kimeandika dripu inaenda vizuri.

Mambo ya siri, majibu ya VVU kwa mfano, hayatamkwi pale kitandani. Tunaonyeshana kwenye faili kwa kidole, basi.

Waliolalamika zaidi ni wa usiku, na walikuwa na haki, maana waliwasubiri wachelewaji. Tukakubaliana ripoti inaanza kwa saa, na yeyote aliyepo. Ukichelewa, utaizunguka wodi peke yako, kisha utasaini kwamba umeona kila mzazi. Nami niliwahi kuizunguka, mvua iliponizuia. Walifurahi sana siku hiyo.

Kulikuwa na mhudumu wa afya, mama mtu mzima, aliyekaa wodini kuliko sisi wote. Anafua, anadeki, anasafisha vifaa. Kwenye ripoti hakuwahi kuitwa. Nikaomba kila ripoti imalizikie kwake. Siku za mwanzo alikuwa akijibu tu, "Salama, sista." Asubuhi moja akasema, "Umeme ulikatika saa tisa usiku, ukarudi kumi na moja na nusu. Friji sikulifungua." Asiye wa kazi hii ataona hilo ni jambo dogo. Oksitosini, sindano ya kuzuia damu baada ya kujifungua, inatakiwa ikae kwenye nyuzijoto 2 hadi 8. Ikipata joto inapungua nguvu, na kwa kuitazama tu hutajua. Tulikagua kipimajoto mara moja, tukakuta bado kiko ndani ya kiwango. Toka hapo ufunguo wa friji na daftari la nyuzijoto viko kwake, na wakunga waliokuwa wakimwita "wewe mama" wakaanza kumwamkia.

Rosta, ratiba ya zamu, ndiyo ilikuwa na uchungu wenyewe. Niliwakuta wakunga wawili hawasalimiani, na aliyenitangulia alikuwa akiwatenganisha zamu ili kuwe na amani. Nilimwita kila mmoja kwa wakati wake. Kumbe chuki haikuwepo, kulikuwa na Krismasi mbili mfululizo alizofanya mmoja huku mwenzake yuko kwao. Rosta ilikuwa inatoka siku mbili kabla ya mwezi, na mwenye ukaribu na inchaji alipata anachotaka. Sasa inabandikwa ukutani wiki nne kabla. Za sikukuu wanazipanga wao wenyewe: Waislamu wanabeba Krismasi, Wakristo wanabeba Idi, na daftari linaonyesha nani alifanya mwaka jana. Kubadilishana kunaandikwa humo na wote wawili wanasaini, hakupitii simu yangu. Wale wawili leo si marafiki, ila wanafanya zamu moja na kazi inaenda, na mimi sitafuti zaidi ya hapo.

Kwenye kundi letu la WhatsApp lawama ni marufuku. Ukiwa na neno na mtu, mfuate.

Baada ya hayo ndipo tukagusa dharura. Mama akitokwa damu nyingi baada ya kujifungua, kila mtu hukimbia, na wote hukimbilia kitu kimoja. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Damu ilipimwa kwa plastiki yenye alama inayowekwa chini ya mama badala ya kukisia kwa macho, na tiba zikatolewa kwa mpigo badala ya kusubiri moja ishindwe. Madhara makubwa yalipungua kwa asilimia 60. Dawa zenyewe si ngeni kwa mkunga yeyote: oksitosini, asidi ya traneksamiki inayosaidia damu kuganda, maji ya dripu. Nilichokiona mimi humo ni mpangilio wa watu.

Tunafanya mazoezi wodi ikitulia, mmoja wetu akijilaza kitandani kama mzazi. Anayefika wa kwanza, awe nani, anakanda tumbo na kupaza sauti. Wa pili ni dawa, wa tatu ni dripu, na mwanafunzi akiwepo anashika saa na kalamu. Kila agizo linarudiwa: "Oksitosini yuniti 10, msuli." "Oksitosini yuniti 10, msuli, imeingia saa 8:12." Mwanzoni walicheka, wakasema tunaigiza kama kwenye runinga. Kicheko kiliisha siku damu ilipokuja kweli na mkunga aliyekuwa akicheka kuliko wote akaanza kurudia maagizo bila kukumbushwa.

Gumu lilikuwa heshima. Kwetu mdogo hamkosoi mkubwa, na mkunga wa cheti hamsimamishi daktari. Kuwaambia watu "semeni bila woga" hakusaidii kitu, maana hakumpi mtu maneno ya kusema. Tukakaa na madaktari tukachagua maneno: "Dokta, naomba tusimame kidogo." Akiyasema mtu yeyote, hata mhudumu, kazi inasimama kwa pumzi moja na aliyesema anatoa hoja yake. Hakuna kuulizwa baadaye kwa nini uliongea. Daktari wetu mmoja mkongwe alinung'unika, kisha ndiye aliyeanza kuyatumia kwa wakunga: "Dada, naomba tusimame kidogo."

Kinachonitesa hadi leo ni watu wapya. Madaktari wa mafunzo kwa vitendo na wanafunzi wa uuguzi wanakuja, wanazoea, wanaondoka. Kila kundi linalofika linapewa wiki ya kwanza kutembea na ripoti tu, asubuhi, jioni na usiku, kabla hajapangiwa mtu kitanda. Viongozi wao hulalamika kwamba nawachelewesha. Mwezi ujao wanakuja wengine, na nimeshawaandikia kwamba utaratibu ni ule ule.