Dada, unamwita nani kule mlimani?

Dairekta wa filamu alikata mara sita. Ya saba akanifuata, akaniuliza taratibu: "Dada, unamwita nani kule Mlima Mlimwa? Mumeo si huyu hapa, hatua mbili?" Seti nzima ikacheka. Nami nilicheka, ila jioni kwenye daladala nilikaa kimya mpaka Jamatini.

Nilikuwa na sababu zangu za kupaza sauti. Sikupita chuo cha sanaa cha Bagamoyo, kule alikohamia marehemu Hukwe Zawose na zeze lake la Kigogo. Uigizaji nilijifunzia vijijini, Bahi na Chamwino, chini ya mibuyu. Tulikuwa tukifanya igizo shirikishi: mnacheza mgogoro, mnasimama kabla haujaisha, mnawauliza wanakijiji wangefanyaje. Siku moja bibi mmoja aliingia katikati ya duara, akanivua kanga, akacheza mama mkwe vizuri kuliko mimi. Maiki hakuna, na upepo wa Dodoma wa mwezi wa saba mnaujua. Usipopaza sauti, wa nyuma wanaanza kupiga soga zao.

Kilichonisaidia kwenye kamera ni muheme. Kwetu Wagogo hiyo ni ngoma ya wanawake. Unaibana mapajani na kuipiga kwa mikono. Ukimwangalia mpigaji mzoefu, mikono inakimbia lakini uso umetulia kama hayupo. Nikasema, ndiyo hiyo. Nikaegemeza simu kwenye ndoo, nikawa najirekodi kila usiku nikisema maneno yaleyale, nguvu yote ikibaki tumboni. Wiki tatu hivi. Mwanangu alidhani naongea na mganga.

Shida ya pili ilikuwa mpangilio. Jukwaani unalia mwisho, baada ya kupitia yote. Kwenye filamu unazika asubuhi na kuolewa mchana. Nikanunua daftari la kurasa 48, kila sini naandika: natoka wapi, nimekula, nina hasira na nani, fundo la kilemba liko upande gani. Fundo niliongeza baada ya kulifunga kulia wakati jana yake lilikuwa kushoto. Tukarudia sini nzima, jua likatukimbia, na siku hiyo nadhani hakuna aliyenipenda.

Hela? Filamu moja haikulishi. Nimekuwa MC wa kitchen party, nimepiga pasi mavazi ya wenzangu, nimeshika maiki ya mti mrefu mpaka mabega yakafa ganzi. Kazi hiyo ya maiki ndiyo ilinifundisha zaidi, kwa sababu kwenye hedifoni unasikia mwigizaji anavyomeza mate kabla ya kudanganya.

Mwezi uliopita nilirudi jukwaani, igizo la saa nzima. Nikaingia, nikasema mstari wangu wa kwanza kwa utulivu wote niliouhangaikia miaka hii. Kutoka viti vya nyuma kijana akapiga kelele:

"Mama, sauti!"